Rejeta ya Oili Ikitobolewa Njiani

Leo twataka kueleza habari za chombo ambacho wenye pikipiki wengi hawakijali mpaka siku kinapovuja, nacho ni rejeta ya oili.

Pikipiki nyingi zinazochukua abiria katika Tanzania hazina chombo hiki. Injini zake hupozwa na upepo upitao katika mapezi ya silinda. Lakini baadhi ya zile zenye nguvu zaidi zinacho. Pampu husukuma oili yenye moto kutoka katika injini, ikapita katika mirija myembamba ya alumini. Upepo huichukua harari yake, kisha oili hurudi ndani kulainisha vyuma.

Sasa tuitazame njia ya kwetu. Loliondo iko karibu mita 2000 juu ya bahari, na hewa yake ni baridi. Bali ateremkaye mpaka Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, afika penye mita 600 hivi, mahali pa jua kali. Njiani mna mawe, nayo gurudumu la mbele huyarusha. Mna vumbi, na majivu ya Ol Doinyo Lengai, mlima uliotapika majivu mengi mwaka 2007 na 2008. Tena kuna magadi, ambayo yakilowana huila alumini polepole. Basi rejeta yaweza kuzibwa, kuliwa, au kutobolewa.

Ikizibwa, ioshwe kwa maji safi yasiyo na nguvu nyingi, toka nyuma kwenda mbele. Mapezi yaliyolala yanyoshwe taratibu kwa kijiti chembamba, pasipo kuigusa mirija.

Ikitobolewa, yakupasa kuzima injini mara moja. Oili ikiisha, pistoni hukwama katika silinda, na injini hufa. Tena oili ikidondokea gurudumu la nyuma, pikipiki huteleza na kumwangusha mpandaji pamoja na abiria wake. Ngoja ipoe, maana oili ya moto huunguza vibaya.

Risasi ya kulehemu, ishikayo vema shaba, haishiki hivyo alumini. Gundi ya chuma yaweza kuziba tundu dogo, ikiwa mahali pale pamesafishwa oili yote na kukaushwa; lakini hiyo ni ya kukufikisha tu. Kazi ya kudumu ni ya fundi mwenye mashine ya kuchomelea alumini, au kununua rejeta nyingine.

Je, yafaa kuiondoa kabisa? Hapa wengi hukosea. Huifungua rejeta, wakaziba matundu yote mawili kwa bolti, wakadhani wamemaliza. Katika injini nyingine, oili haina njia ila kupita katika rejeta. Ukiziba, vyuma vitakosa oili ingawa imejaa chini. Kwa injini za namna hiyo, unganisha njia ya kutokea na ya kurudia kwa mpira mmoja ustahimilio oili ya moto na nguvu ya pampu. Mpira wa maji utapasuka. Ufunge imara, mbali na ekzosi. Kuna injini ziruhusuzo kuzibwa, lakini kitabu cha injini yako ndicho kitakachokuambia, wala si kubahatisha.

Kisha jaza oili mpaka alama, washa injini kwa muda mfupi, uizime, ungoje kidogo, upime tena. Na tazama kama viungo vinavuja.

Pikipiki isiyo na rejeta yake iendeshwe polepole, bila mzigo mzito, na ipumzishwe mlimani. Katika baridi ya Loliondo yaweza kuvumilia siku chache. Kuteremka nayo Natron wakati wa jua ni kuitafutia mauti.

Wako watu wategemeao pikipiki hizi kufika hospitali ya Wasso usiku, wakati ambapo hakuna chombo kingine. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha, inama utazame chini ya injini. Ukiona tone, usiondoke. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.