Anayeandika "Ndia" na Anayesoma kwa Kujikokota

Mtoto wa Amu, yaani Lamu, akiandika "ndia" kwa njia, "yana" kwa jana na "mato" kwa macho, kalamu nyekundu humhesabia makosa matatu, na yakizidi hudhaniwa ana ulemavu wa kujifunza. Sioni ulemavu hapo. Ameisikia sauti ya kwao, akaikata vipande, akakipa kila kipande herufi yake. Ujuzi huo ndio unaomponyoka mwenye disleksia, ambaye akili na masikio ni mazima lakini kuunganisha sauti na herufi humlemea. Ninayemhofia ni jirani wa dawati wa mtoto huyo wa Amu, asomaye kila neno sawasawa ila kwa kujikokota, hata akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Huyo hakosei, kwa hiyo hatumwoni.

Sababu imo katika maandishi yetu wenyewe. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na katika lugha za namna hiyo disleksia hujionyesha zaidi kwenye mwendo kuliko kwenye makosa. Mtafiti Heinz Wimmer alieleza hivyo mwaka 1993 kuhusu watoto wa Austria wasomao Kijerumani: walisoma kwa usahihi mkubwa, lakini polepole mno. Kuandika ni kugumu zaidi; watafiti Katie Alcock na Damaris Ngorosho walionyesha mwaka 2003, kwa wanafunzi wa Tanzania, kwamba tahajia ya Kiswahili si jambo jepesi licha ya utaratibu wake. Katika visiwa vya Lamu kuna pazia jingine tena. Katika chuo cha Kurani mtoto huhifadhi kwa kusikia na kurudia pamoja na wenzake, na kumbukumbu nzuri yaweza kuficha kwa miaka kwamba hasomi. Mwalimu amwonyeshe neno la katikati ya ukurasa, asianzie mwanzo, ndipo atajua.

Wapo watakaosema mtihani ni wa Kiswahili sanifu, na kumfundisha mtoto kwa lahaja ya Kiamu, au ya Kitikuu kama ni wa Faza, ni kumchelewesha. Hoja hiyo ina uzito, maana mtihani haumsamehe mtu lahaja yake. Lakini tofauti zenyewe zina kanuni: nj ya sanifu mara nyingi ni nd Amu, j ni y, ch ni t. Mtoto atamke neno la kwao, alitamke la sanifu, kisha aandike. Mwenye disleksia ndiye anufaikaye zaidi, kwa kuwa neno alilokwisha kulizoea mdomoni humbakishia kazi moja tu, ya herufi. Apewe silabi chache kila siku, zirudiwe, na asomewe hadithi zinazozidi uwezo wake wa kusoma ili msamiati usikwame. Darasa limejaa, ni kweli; ila kuhesabu maneno anayosoma mtoto kwa dakika moja, kipimo kilichozoeleka katika mpango wa kufundisha kusoma wa Tusome, hakuhitaji mtaalamu. Kenya ina vituo vya kutathmini watoto tangu 1984, lakini mtoto wa kisiwa cha Kiwayu huanza safari ya kwenda huko kwa chombo, basi dakika hiyo ya darasani itangulie. Na barua atakayokwenda nayo kituoni itaje lugha ya nyumbani kwao, mpimaji asije akamwandikia "mtele" kwa mchele kuwa kosa.