Santuri za Likasi: Kwa Nini Bado Zinasikilizwa

1. Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi simulizi ya Kiswahili tumezoea kuitafuta matini katika vinywa vya wazee, kisha katika daftari la mtafiti. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba sehemu ya fasihi hiyo ilihifadhiwa pia katika santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake hadi Bombay, wakarekodi nyimbo zao kwa lebo ya His Master's Voice. Mwaka 1952, mbali na pwani, kijana mpiga gita alirekodiwa katika Jadotville, mji wa migodi na viwanda vya shaba ambao tangu 1966 unaitwa Likasi. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco, ambaye baadaye alijulikana pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini santuri kama zake zingali zikitafutwa, zikikusanywa na kusikilizwa, ingawa siku hizi muziki hupatikana kwa njia nyepesi zaidi. Hoja yetu ni kwamba mvuto wa santuri hautokani na hamu ya ujana uliopita peke yake. Santuri ni ushahidi. Inaonyesha lugha ilivyotamkwa na watu wa mahali fulani katika mwaka fulani. Kwa mji kama Likasi, ambao Kiswahili chake kilisemwa na kuimbwa sana lakini kiliandikwa kidogo, ushahidi huo hauna badali.

2. Neno na kifaa chenyewe

Neno santuri lina historia yake. Kwa asili, katika Kiarabu na Kiajemi, ni jina la ala ya nyuzi. Waswahili wa pwani waliliazima na kulitumia kwa mashine ya kuimba. Sahani zake wakaziita sahani za santuri, hata mwishowe sahani yenyewe ikaitwa santuri. Huko Katanga, ambako Kifaransa ni lugha ya shule na ofisi, kitu hicho hicho huitwa diski.

Inafaa kutofautisha aina mbili za santuri. Santuri za zamani, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu uliochanganywa na vumbi la mawe. Zilikuwa nzito, na zikianguka zilivunjika kama vigae. Santuri za plastiki ya vainili zilikuja baadaye: ile ndefu ya mizunguko 33 na theluthi moja ilitolewa Marekani mwaka 1948, na ile ndogo ya mizunguko 45 mwaka 1949. Gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono haikuhitaji umeme, kwa hiyo santuri za shelaki ziliweza kusikilizwa hata mahali ambako waya wa umeme haukufika. Lakini sindano yake ya chuma iliula mfuo kidogo kidogo kila ilipopita. Santuri iliyopendwa sana ndiyo iliyochakaa upesi zaidi.

Upande mmoja wa santuri ya shelaki ya kawaida ulichukua muda wa dakika tatu hivi. Mpiga gita aliyezoea kupiga barabarani au kwenye baa kwa kadiri wasikilizaji walivyotaka, alilazimika kuanza, kukuza wazo lake na kumaliza katika muda huo. Kwa hiyo wimbo wa santuri hauwezi kuchukuliwa kuwa picha kamili ya wimbo wa barabarani. Ni utanzu wenye masharti yake, kama shairi lilivyo na vina na mizani.

3. Jadotville ya mwaka 1952

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Katika miongo iliyofuata wafanyakazi walikuja Katanga kutoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga yenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilikusudia kuwafanya wakazi wa kudumu, pamoja na wake na watoto wao, katika kambi zake. Watu wa lugha nyingi wakakutana kazini, sokoni na kisimani, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Watoto waliozaliwa mjini walikipokea kama lugha yao ya kwanza, au mojawapo ya lugha zao za kwanza.

Hapo ndipo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi zake Afrika Kusini, alipomkuta Mwenda na gita lake. Mwenda alizaliwa mwaka 1930. Alikwanyua nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini msikilizaji husikia sauti mbili au tatu zinazokwenda sambamba. Kipande chake kiitwacho Masanga, kilichotolewa kwa lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini, kilimpa sifa nje ya Kongo. Mwaka 1959 alikwenda Nairobi, na huko muziki wake ulirushwa redioni pamoja na matangazo ya dawa ya Aspro. Jamaa yake, Edouard Masengo, naye alijenga jina katika mji huo huo. Kwa njia ya santuri na redio, mtindo wa Katanga ukawafikia vijana wa Kenya ambao hawakupata kuiona Jadotville.

4. Lugha iliyomo katika mfuo

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jambo la kwanza la kutega sikio ni matamshi na sarufi. Wanaisimu walioshughulikia Kiswahili cha Katanga, miongoni mwao Edgar Polomé, Walter Schicho na Johannes Fabian, wameeleza sifa zake kuu. Kiambishi ba- hutumika mahali pa wa-, kwa hiyo husikika batu na batoto. Sauti h hudondoshwa, na hapana ikawa apana. Viambishi ka- na tu- huonyesha udogo: katoto, tutoto. Iko hutumika kama kitenzi kishirikishi, na maneno ya Kifaransa huingia bila kubisha hodi: leta, kwa mfano, ni serikali.

Kwa muda mrefu wasomi wa pwani waliziona sifa hizi kuwa makosa. Santuri humsaidia msikilizaji kuuondoa mtazamo huo. Msanii anayeimba hajibu dodoso la mtafiti. Anachagua maneno ili apendeze, na uchaguzi wake unaonyesha jamii yake iliona lugha ipi kuwa tamu. Pengine atasogea kwenye umbo la pwani, pengine atarudi kwenye umbo la mtaani, pengine ataingiza neno la lugha ya wazazi wake. Kila badiliko ni jambo la kuchunguza.

Chukua jina Masanga peke yake. Anayejua Kilingala husikia neno la kinywaji cha kulevya. Anayejua lugha za Kiluba husikia shina lenye maana ya kukutana. Mtu wa Mombasa au Unguja huenda asisikie lolote kati ya hayo mawili. Kamusi moja haitoshi kuamua. Yafaa kukaa na msikilizaji wa Likasi, mkacheza santuri, mkaisimamisha, mkairudia.

5. Namna ya kusikiliza

Hapa ndipo tunapoona kwa nini santuri hupendwa hata na watu ambao wangeweza kupata wimbo huo huo katika simu. Kwanza, santuri hudai usikivu. Mtu huitoa katika jalada, huifuta vumbi, huishusha sindano, na baada ya dakika tatu lazima ainuke. Hawezi kuiacha iimbe huku ameisahau. Pili, husikilizwa na watu pamoja, na mazungumzo baina ya upande mmoja na mwingine ni sehemu ya starehe yenyewe. Tatu, ni kitu kinachoshikika, chenye lebo inayotaja msanii, kampuni, namba na mara nyingine lugha ya wimbo. Kwa mtafiti lebo hiyo ni sawa na ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Faida ya kurudia ilionekana mapema. David Rycroft aliuchambua upigaji wa Mwenda katika makala alizochapisha mwaka 1961 na 1962 katika jarida la African Music, akiandika kwa nota yale ambayo sikio la mara moja lisingeyakamata. John Low, mpiga gita wa Uingereza, aliupenda mtindo huo hata akasafiri mpaka Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuwatafuta wapigaji wenyewe. Kitabu chake, Shaba Diary, kilitoka mwaka 1982.

Hata hivyo, kuna tahadhari. Santuri ikizungushwa kwa kasi isiyo yake, sauti hupanda au kushuka, na maelezo yoyote ya kiimbo yatakayojengwa juu yake yatapotosha. Aidha, mfuo wa shelaki ni mpana kuliko wa vainili, hivyo unahitaji sindano yenye ncha pana. Ncha nyembamba hushuka hadi chini ya mfuo na kuokota kelele nyingi kuliko sauti. Anayehamisha santuri za zamani katika kompyuta hana budi kuyajua haya kabla ya kuanza.

6. Santuri hizo ziko wapi?

Swali hili ni zito kuliko la mvuto. Tracey alianzisha International Library of African Music mwaka 1954, na tangu 1978 maktaba hiyo imekuwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Hifadhi hiyo ni hazina, na bila yake mengi yangepotea. Lakini iko mbali sana na Kikula au Panda, na mwanafunzi wa Likasi anayetaka kusikia sauti ya mji wake wa zamani hana njia rahisi ya kuifikia.

Nakala zilizonunuliwa mjini zilibaki majumbani, na mji umepita katika misukosuko mikubwa. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na huko Likasi maelfu walijazana stesheni wakingoja treni. Anayeondoka hivyo hubeba watoto, masufuria na nguo. Si vigumu kukisia kwamba sahani nzito zinazovunjika hazikuwa mzigo wa kwanza.

Wakati huo huo duniani kote hamu ya santuri imefufuka. Nchini Marekani, mwaka 2020, mapato ya santuri yalizidi yale ya diski za CD kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980. Ufufuko huu una pande mbili. Unaipa thamani sahani iliyosahauliwa chini ya kitanda, lakini pia unaweza kuihamisha kutoka nyumba ya mzee hadi kabati la tajiri wa ng'ambo, bila maelezo ya aliyeinunua mara ya kwanza.

Linaongezeka jambo moja zaidi. Rumba ya Kongo, ambayo iliwekwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, huimbwa zaidi kwa Kilingala. Heshima hiyo ni ya haki. Lakini nyimbo za Kiswahili za Katanga zina hatari ya kusimama kivulini mwake, na wasemaji wa Kiswahili ndio wanaopaswa kuzisemea.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba santuri hudumu kwa sababu inahifadhi kile ambacho maandishi hayakuhifadhi: pumzi, lafudhi, na uamuzi wa msanii kuchagua neno hili badala ya lile. Mwenda Jean Bosco alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari, na wale waliomsikia akiwa kijana wanazidi kupungua. Santuri bila wao itabaki kuwa sauti nzuri isiyofafanuliwa.

Kazi inayopendekezwa haihitaji fedha nyingi. Wanafunzi wa Likasi na Lubumbashi waorodheshe santuri zilizomo majumbani kwa namba za lebo, bila kuwanyang'anya wenyewe. Wazirekodi kwa kasi sahihi. Kisha wakae na wenye nyumba, wasikilize pamoja, na waandike maelezo yao neno kwa neno, katika Kiswahili kile kile wanachokisema.