Mwashi Aliyesoma Miamba

Walimu wengi hutenga sayansi na kazi za mikono kana kwamba ni masomo yasiyojuana. Maisha ya Hugh Miller, aliyezaliwa mwaka 1802 katika bandari ndogo ya Cromarty, Uskoti, yanaonyesha vingine.

Baba yake, nahodha, alipotea baharini mwaka 1807. Wajomba wawili, mmoja fundi wa matandiko ya farasi na mwingine fundi wa mikokoteni, ndio waliomzoesha kutazama viumbe vya pwani. Shuleni hakudumu: aligombana na mwalimu juu ya kutaja herufi za neno moja tu, wakashikana, naye akatoka asirudi.

Mwaka 1820 alianza uanagenzi wa uashi. Huko machimboni, baruti ilipofunua tabaka la mwamba, aliona juu yake mikunjo kama ile iachwayo mchangani maji yanapokupwa. Aliitambua mara moja, maana alikulia ufukoni. Swali likazuka lenyewe: ni maji gani yaliyopita hapa, na lini? Tangu hapo tindo na nyundo vikawa pia vyombo vya kutafutia visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Vumbi la kazi hiyo, kwa bahati mbaya, lilimharibu mapafu.

Alichonga mawe ya makaburi, akatoa diwani mwaka 1829, akakusanya masimulizi ya wazee wa kwao, akawa mhasibu wa benki, na mwaka 1840 mhariri wa gazeti mjini Edinburgh. Makala zake za gazetini juu ya miamba myekundu zilitoka kama kitabu mwaka 1841, na watu wasio wataalamu wakazielewa. Nadhani msimulizi ndiye aliyemsaidia mwanasayansi hapo. Samaki wa kale aliyemgundua, mwenye ngao ya mifupa na mapezi mfano wa mikono, alipewa jina lake na mtaalamu Louis Agassiz.

Basi, mwanachuo, somo la miamba lisianzie ubaoni. Wapeleke watoto mtoni au ufukoni. Waichore mikunjo ya mchanga, waipime kwa rula, wachunguze ni upande upi wenye mteremko mkali na maji yanaelekea wapi. Huenda mtoto anayekwama katika kusoma kwa sauti akawa wa kwanza kuona. Mwache aeleze kwa maneno ya nyumbani kwao. Istilahi zitafuata kipindi kijacho.