Shahada ya Usanifu Majengo: Mwombaji wa Bukoba na Muleba Aangalie Nini?

Msanifu majengo hupanga jengo kabla halijajengwa: vyumba vikae wapi, mwanga na hewa viingie vipi, paa limwage maji upande gani. Mhandisi hukokotoa uwezo wa nguzo na msingi, na mkadiriaji majenzi hupiga hesabu ya gharama. Wahitimu wa kidato cha sita huzichanganya fani hizi tatu, na kuhama baada ya kudahiliwa si rahisi.

Kigezo kinachotangulia vingine ni usajili. Nchini Tanzania, kazi ya usanifu majengo husimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi chini ya sheria ya mwaka 2010. Mhitimu hufanya kazi kwanza chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, kisha hufanya mitihani ya Bodi. Shahada isiyotambuliwa humwacha nje ya mlango huo, hata akiwa na kipaji cha ajabu.

Anayetoka Bukoba, Muleba au kwingineko mkoani Kagera hulazimika kusoma mbali. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2007, ndicho chenye historia ndefu zaidi ya fani hii nchini. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya nacho kinaifundisha. Kwa upande mwingine, Kampala, Uganda, iko karibu zaidi: kutoka Bukoba kupitia mpaka wa Mutukula ni kama kilomita 300, wakati Dar es Salaam ni zaidi ya 1,300. Chuo Kikuu cha Makerere hufundisha fani hii kwa miaka 5. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, Nkozi, hutoa shahada ya kwanza ya miaka 3 ya usanifu wa mazingira, kisha uzamili wa miaka 2. Anayeishia kwenye ile miaka 3 hajawa msanifu majengo. Nauli ndogo isimdanganye mzazi: ada ya mwanafunzi wa kigeni, mkopo wa serikali na utambuzi wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) viulizwe kabla ya kuvuka mpaka.

Ubora wa programu huonekana studioni. Huko mwanafunzi huchora, hutengeneza modeli, kisha husimama kutetea kazi yake mbele ya walimu, muhula baada ya muhula. Mwombaji aulize kila mwanafunzi ana meza yake au la, mwalimu mmoja anasimamia wangapi, na mafunzo ya vitendo kwenye maeneo ya ujenzi ni ya muda gani. Mihadhara pekee haimtoi msanifu.

Kagera ina swali lake la ziada. Tetemeko la Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, liliua watu, likabomoa nyumba kwa maelfu na kuharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Kuta za matofali zisizofungwa kwa mkanda wa zege ndizo zilizopasuka kwa urahisi. Kinyume chake, mushonge, nyumba ya asili ya Wahaya ya miti na nyasi, ni nyepesi na hunyumbuka. Ongeza mvua nyingi za Bukoba, miteremko ya Muleba na visiwa kama Bumbire, ambako saruji hufika kwa boti. Programu inayofundisha ujenzi wa kuhimili matetemeko na matumizi ya vifaa vya mahali ndiyo inayomfaa zaidi kijana atakayerudi kujenga nyumbani. Mwombaji asome mtaala wa kila chuo kabla ya kujaza fomu, na mzazi amsaidie kuupata.