Uzito wa chumvi moto unavyoamua gharama ya aluminiamu

SUFURIA nyepesi zilizojaa jikoni mwetu zilianza zikiwa unga mweupe uitwao alumina, utokanao na mawe ya boksiti. Kuitenga aluminiamu na oksijeni iliyomo ni kazi ngumu, kwani unga huo hauyeyuki hadi upate joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi.

Mnamo 1886 vijana wawili wasiojuana, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, walipata njia ya mkato. Waliyeyusha chumvi iitwayo kriolaiti, nayo ikaimumunya alumina kama chai imumunyavyo sukari. Umeme ukipitishwa humo, aluminiamu hutengana na kutuama chini. Karibu viwanda vyote hufuata njia hiyo hadi leo, joto likiwa takriban nyuzi 960.

Huenda msomaji akadhani chumvi hiyo ni nzito mithili ya uji. La hasha! Mnato wake ni kama mara 2 hadi 3 tu ya ule wa maji, inakaribia maziwa. Na heri iwe hivyo. Lita moja ya chumvi hiyo ina uzani wa takriban kilo 2.1, ilhali lita ya aluminiamu iliyoyeyuka ina kilo 2.3. Kwa tofauti ndogo kiasi hicho, chumvi ikizidi kunata, matone ya aluminiamu hukawia kuzama. Mapovu ya gesi yanayotoka kwenye vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme nayo hukwama, na alumina mpya hushuka kabla ya kumumunyika, ikawa tope linalozuia umeme.

Hata hivyo, wepesi nao una hasara zake. Chumvi ikisukwasukwa mno, chembe za aluminiamu hubebwa hadi kwenye gesi hiyo, zikaungana tena na oksijeni. Umeme uliokwisha kutumika huwa umepotea bure, na si mchache: kilo moja ya aluminiamu hula takriban uniti 13 hadi 15.

Ndiyo maana mafundi hupima mchanganyiko huo kila mara. Alumina ikiongezwa, mnato hupanda. Floraidi ya aluminiamu ikiongezwa, hushuka, na chumvi huyeyuka kwa joto dogo zaidi. Lakini floraidi ikizidi, chumvi hushindwa kumumunya alumina ya kutosha na hupitisha umeme kwa shida.

Linalohofiwa zaidi ni umeme kukatika. Ukikosekana kwa saa chache tu, chumvi huanza kunata, kisha huganda pamoja na aluminiamu iliyo chini yake. Tanuri hugeuka jabali, na kabla ya kuliwasha upya, wafanyakazi hulazimika kuuvunjavunja mgando huo na kuutoa kipande baada ya kipande.