Fahamu: Je, kuchimba jotoardhi karibu na ufa wa miamba huleta tetemeko?

Jotoardhi ni joto la chini ya ardhi linalovunwa kwa visima, ama kuzalisha umeme au kutumika moja kwa moja, kama kupasha joto nyumba za mimea. Mkoani Mara dalili yake iko Majimoto, wilayani Serengeti, ambako maji ya moto hujitokeza yenyewe.

Kwa nini ufa?
Maji hayo hupanda kupitia mipasuko ya miamba, kwa hiyo wachimbaji huifuata. Hapo ndipo penye hatari. Ufa hukaa umebanwa kwa uzito na msuguano. Maji yakisukumwa ndani kwa nguvu, shinikizo hupunguza mbano huo na miamba inaweza kuteleza. Kupoa kwa miamba nako huilegeza.

Imewahi kutokea?
Ndiyo. Basel, Uswisi, mwaka 2006, tetemeko la ukubwa wa 3.4 lilisimamisha mradi wa jotoardhi. Pohang, Korea Kusini, mwaka 2017 lilifika 5.5 na kujeruhi watu wengi. Jopo la serikali lilihusisha tetemeko hilo na mradi wa jotoardhi. Yote mawili yalitokana na maji kusukumwa kilomita kadhaa chini. Visima vifupi vinavyotoa tu maji yaliyopo vina hatari ndogo zaidi.

Na kwetu?
Tetemeko la Kagera la Septemba 2016, la 5.9, lilikuwa la asili. Jotoardhi yenyewe si ngeni kwa majirani: Olkaria, Kenya, huzalisha umeme wa jotoardhi tangu 1981. Ikiwa Majimoto itachimbwa, kinachohitajika mapema ni vipima tetemeko, vifungwe kabla ya kisima cha kwanza, na wanakijiji waelezwe ni kiwango gani cha mtetemo kitasimamisha kazi.