Sura ya Sita: Damu Haina Undugu na Juisi Nyekundu

Kila anayeshauri watu kuhusu lishe Tanzania anaijua orodha hii kwa moyo: juisi ya choya, bitiruti, nyanya ya kopo, soda nyekundu iliyochanganywa na maziwa. Mjamzito akiambiwa kliniki kwamba damu imepungua, hafiki nyumbani kabla ya kupewa orodha hiyo na jirani, wifi na mwenye duka. Mama mkwe anakuja na jagi: "Kunywa mwanangu, hii ndiyo damu yenyewe." Kinachoviunganisha vitu hivyo ni rangi tu. Kwa hoja hiyo, hata rangi ya kucha ingeandikwa kwenye cheti cha dawa.

Nimekusudia sura hii iwe na mambo matatu: chuma kiko katika vyakula gani, nini hukizuia kuingia mwilini, na nani anakihitaji zaidi. Lakini kwanza tuliondoe jagi mezani.

Wekundu wa damu hutokana na himoglobini, na kiini cha himoglobini ni chuma. Wekundu wa choya hutokana na anthosayanini, wa bitiruti na betalaini, na rangi hizo mbili hazina chuma hata chembe. Bitiruti yenyewe ina chuma kidogo, takriban miligramu 0.8 katika gramu 100. Mchicha, ambao ni kijani kibichi, una karibu mara tatu ya hapo. Sasa tupige hesabu, maana ushirikina wa chakula huogopa hesabu kuliko kemeo. Mwanamke mwenye himoglobini ya gramu 8 kwa desilita, akitaka kufika 11, anahitaji chuma cha miligramu 400 hivi, mbali na kile anachopoteza kila siku. Glasi iliyokamuliwa kutoka gramu 200 za bitiruti ina miligramu 1.6. Tuwe wakarimu, tuseme mwili umechukua asilimia 10: kilichoingia ni 0.16. Atahitaji glasi 2,500. Mimba haina subira hiyo.

"Mbona mimi nilikunywa wiki mbili na damu ikapanda?" Hoja hii haiishi. Aliyekunywa alikuwa pia anameza vidonge vya kliniki, pengine alikuwa ametibiwa malaria au amepewa dawa ya minyoo, na kipimo cha pili kilifanywa kwa mashine nyingine, kituo kingine. Sifa zote zikaenda kwa juisi. Na wengine kidonge chenyewe, chenye chuma kama miligramu 60, wamekiacha kabatini kwa sababu choo kilikuwa cheusi, au kwa sababu shoga alisema mtoto atakuwa mkubwa apite kwa shida. Weusi wa choo ni chuma kilichobaki tumboni bila kufyonzwa, na hauna madhara. Na chuma hakimnenepeshi mtoto.

Sasa chakula. Chuma kiko cha aina mbili. Cha nyama, maini, samaki na dagaa huingia kwa urahisi. Cha maharage, nafaka na mboga za majani huingia kwa shida, na kiasi kinachoingia hutegemea kilicho jirani nacho tumboni. Tazama sahani ya mchana ya kawaida: ugali wa dona, maharage, tembele, na pembeni kikombe cha chai ya rangi. Chuma kwenye sahani hiyo si haba. Lakini dona na maharage vina fitati, ambayo hukishika chuma kisiachie, na tanini za chai humalizia kazi: chai ikinywewa na mlo hukata zaidi ya nusu ya chuma ambacho kingeingia. Kuongeza maziwa hakusaidii. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1983 lilionyesha kwamba kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikuzuia chuma, ila iliyonywewa saa moja baada ya mlo ilizuia sawasawa na iliyonywewa pamoja nao. Kwa hiyo anayesema "mimi hunywa chai nikishakula" huenda hajakwepa kitu.

Hapohapo iondolewe imani mpya ya mjini, kwamba unga wa lishe ukichanganywa nafaka kumi na soya ndio hujenga damu. Ukirundika nafaka na soya unarundika na fitati. Bibi zetu walikuwa na njia bora zaidi: kulowesha, kuotesha kimea, kuchachusha togwa. Hatua hizo huivunja fitati. Na kachumbari yenye ndimu na pilipili mbichi si pambo la sahani. Vitamini C iliyomo hukisukuma chuma cha maharage kiingie. Kiganja cha dagaa kikitupwa kwenye sufuria ya maharage hufanya vivyo hivyo.

Nilipaswa sasa kwenda jambo la tatu. Lakini siwezi kuipita Pemba, na ili kuielewa Pemba tuanze na jinsi mwili unavyokidhibiti chuma.

Mwili wa binadamu hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, ikifa chuma chake hurudishwa kwenye uboho kutengeneza nyingine, na mtu mzima hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku. Udhibiti wote basi hufanyika mlangoni, kwenye utumbo mwembamba, na bawabu ni homoni ya ini iitwayo hepsidini. Akiba ikijaa, hepsidini hupanda na mlango hufungwa. Hufungwa pia mtu akiugua, kwa sababu vimelea navyo vinahitaji chuma ili vizaliane. Mtoto mwenye malaria unaweza kumlisha maini kila siku, na chuma kingi kisiingie.

Kisha mwaka 2006 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kisiwani Pemba kwa watoto wadogo zaidi ya 24,000. Wengine walipewa chuma na asidi foliki kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Kila mtu alitarajia heri. Waliopewa chuma wakalazwa au kufa zaidi, kwa takriban asilimia 12, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa kabla ya wakati. Malaria wakati huo ilikuwa imejaa kisiwani. Jambo ambalo wasimuliaji huliruka ni hili: katika kundi dogo lililopimwa damu kwanza, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walinufaika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba kwenye maeneo ya malaria, chuma kwa watoto kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria.

Na Pemba hiyohiyo, utafiti wa miaka ya 1990 kwa watoto wa shule ulikuta kwamba minyoo ya safura ndiyo chanzo kikubwa cha upungufu mkali wa damu. Mtoto anayevuja mililita tano za damu kwa siku tumboni anapoteza chuma kama miligramu mbili, na mlo wa dona na mchicha hauwezi kulipa deni hilo kila siku. Usimsukumie bitiruti. Mpe dawa ya minyoo, umvishe viatu, ujenge choo.

La tatu ni fupi. Wanaohitaji chuma zaidi ni wajawazito, wasichana walioanza hedhi, na watoto kuanzia miezi sita. Takwimu za afya za Tanzania za 2015–16 zilikuta upungufu wa damu kwa asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa na asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka mitano. Si wote wanakosa chuma: wengine ni malaria, wengine selimundu, wengine hedhi nzito ambayo hakuna aliyeiuliza.

Kwa hiyo ukiambiwa damu imepungua, usitoke chumbani kwa daktari na swali la nini ukanunue sokoni. Muulize imepungua kwa nini, na kipimo gani kimeonyesha hivyo. Jibu likiwa ni chuma, meza vidonge mpaka vikamilike, na chai uitenge na mlo kwa saa mbili. Likiwa si chuma, hakuna chakula kitakachofanya kazi ya tiba unayoikosa.